Njiti mmoja, saa tatu: kisa cha mtoto wa wiki 29 baada ya kuruhusiwa

Siku mtoto njiti anaporuhusiwa watu wanapiga picha, mama analia, bibi anashindwa hata kuongea, na sisi manesi tunafurahi nao kwa moyo wote maana yule mtoto tulimjua akiwa wa kulala kwenye kiganja. Na kwa miaka yangu kwenye kliniki ya ufuatiliaji nimeona kwamba ndo siku hiyo hiyo mtoto anaanza kupotea kwenye makaratasi. Nataka nieleze kisa kimoja tu, taratibu, toka mwanzo mpaka hapa tulipofika, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu makosa karibu yote ya kisa hiki ukiyafuatilia yanarudi sehemu moja: hakuna aliyewaambia wazazi kwamba mtoto wao ana saa tatu, yaani njia tatu za kuhesabu umri wake, na kila huduma inasoma saa yake. Vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili familia isitambulike.

Binti alizaliwa wiki 29 kamili za ujauzito, gramu 1,180. Presha ya mama ilipanda vibaya, mkojo una protini, kichwa kinamuuma hadi haoni vizuri, madaktari wakaona wakiendelea kusubiri watawapoteza wote wawili, ikabidi mtoto atolewe. Tarehe ya matarajio tunaihesabu kwa wiki 40, kwa hiyo kawahi wiki 11. Hiyo 11 iandike pembeni, ndo namba ya kisa kizima. Kwa mgawanyo wa WHO aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, chini ya 32 ni njiti sana, chini ya 28 ni njiti wa kupindukia. Na msidhani ni mambo ya watu wachache, mwaka 2020 walizaliwa njiti kama milioni 13.4 duniani, takriban mtoto 1 kati ya 10.

Wodini alikaa wiki 6. Siku 9 za mwanzo kwenye mashine ya kusukuma hewa puani, halafu oksijeni ya mrija mpaka wiki ya 3, akawa anapewa kafeini kwa sababu njiti wa umri huo huwa wanasahau kupumua, sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa, monita inalia, unamgusa unyayo anakumbuka. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, siku 7 kwa hofu ya maambukizi. Taa ya kutibu manjano siku 4. Alilishwa kwa mrija maziwa ambayo mama yake alikuwa anayakamua usiku na mchana. Na altrasaundi ya kichwa ya wiki ya kwanza ilionyesha damu imevuja kwenye vyumba vya maji ya ubongo upande wa kushoto, ikaingia kidogo kwenye ubongo wenyewe. Hiyo sentensi ya mwisho ishike, nitairudia mbele.

Hali ilipotulia mama akaanza kumbeba kangaruu, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kwa siku, na jioni baba anashika zamu. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu inkyubeta zilikuwa hazitoshi, na kwa muda mrefu watu waliidharau wakaiona ni tiba ya wasio na mashine. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukaonyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza kwenye inkyubeta, kulipunguza vifo kwa asilimia 25, na mwaka uliofuata WHO ikapendekeza saa 8 mpaka 24 kwa siku. Nalitaja hili ili mjue hawa walikuwa wazazi wa aina gani. Hawakuwa wazembe hata siku moja, kila walichoambiwa wakakielewa walikifanya, tena kwa bidii kuliko tulivyowaomba, na ndo maana kisa hiki kinaniuma.

Waliruhusiwa Alhamisi, mtoto ana wiki 6 toka azaliwe, yaani wiki 35 za mimba ukijumlisha 29 za tumboni na 6 za nje, gramu 1,870, ananyonya mwenyewe, siku 8 hajasahau kupumua. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa kurasa mbili zimejaa vifupisho. Macho yalishapimwa mara moja, akiwa na wiki 4 na siku kadhaa, daktari wa macho akaandika mishipa haijafika mwisho, arudiwe baada ya wiki 2. Hizo wiki 2 zilikuwa zinatimia Jumanne inayofuata, siku 5 baada ya kwenda nyumbani. Wodi ikadhani kliniki ndo itawaita, kliniki ikadhani wodi imeshawapa tarehe, na ule mstari wa macho ulikuwa ukurasa wa pili chini kabisa. Kipimo cha masikio hakikufanyika, mashine ilikuwa kwenye matengenezo, wakaambiwa watafanyiwa wakija. Wakapewa chupa moja ya madini ya chuma na matone ya vitamini D. Halafu mlangoni kabisa, wameshabeba begi, mtu mmoja kwa nia njema akawaambia: kuanzia leo msihesabu umri toka siku aliyozaliwa, hesabuni toka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa.

Ni kweli hiyo, lakini ni theluthi ya ukweli. Mama akaichukua nzima nzima akaitumia kwa kila kitu.

Wiki ya 7 wakaja kupima uzito, ameongeza gramu 90 kwa siku 7, yaani kama 13 kwa siku, wakati kwa umri ule tunategemea 20 mpaka 30. Aliyewahudumia akaandika "arudi wiki ijayo", basi. Wiki ya 8 ndo nikakutana nao mimi. Nikamuuliza mama ananyonyesha vipi, akasema sista, nilisoma kwamba mtoto aachwe anyonye akihitaji, akilala namwacha alale, anapenda sana kulala. Hapo kuna kitu ambacho mama wa mtoto aliyetimiza miezi hawezi kukijua wala hana haja ya kukijua: mtoto wa wiki 35 au 36 haamki kwa njaa kwa uhakika. Anaweza kulala saa 5 kwa sababu amechoka, ukamsifia ana amani, kumbe anapoteza. Mpaka afikie karibu na tarehe yake ya kuzaliwa na uzito unaenda vizuri, unamwamsha wewe, kila saa 2 au 3, usiku pia, na akichoka kwenye titi unakamua yaliyobaki unampa kwa kikombe. Tukalipanga hilo, na lilifanya kazi, wiki iliyofuata akaongeza gramu 190.

Ila wakati namalizia kuandika nikauliza, mama, macho yalipimwa lini mara ya mwisho. Akajibu yalishapimwa wodini sista, walisema mishipa bado haijafika ila hana ugonjwa. Akanitolea ile karatasi. Nikaisoma ukurasa wa pili. Nikahesabu, 29 na 8, wiki 37. Nilihisi baridi mgongoni, sisemi kwa kuongeza chumvi.

Niwaeleze kwa nini. Mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaanza kuota kutoka katikati karibu na wiki ya 16 ya mimba ikitambaa kuelekea ukingoni, na inakaribia mwisho wiki ya 40. Mtoto akitoka wiki ya 29 ukingo bado mtupu. Huku nje oksijeni ni nyingi kuliko tumboni hata kama hajawekewa mashine, basi mishipa inasimama kuota. Wiki zinapita, ule ukingo usio na mishipa unakua na unadai damu, unamwaga kemikali za kuiita mishipa, na safari hii inakuja kwa fujo, dhaifu, inavuja, inaota kuelekea ndani ya jicho badala ya kutambaa kwenye utando. Baadaye inageuka kovu, kovu linavuta, retina inabanduka. Ikishabanduka ndo hatua ya 4 na ya 5, na hapo daktari bingwa wa dunia hii hawezi kukuahidi chochote. Ugonjwa wenyewe, unaoitwa retinopathi ya njiti (ROP), ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1942 na daktari Theodore Terry huko Boston, na kwenye miaka ya 1940 na 1950 watoto wengi walipofuka kwa kuwekewa oksijeni isiyopimwa kabla watu hawajaelewa kinachotokea, Stevie Wonder aliyezaliwa 1950 ni mmoja wao. Leo tunailinda oksijeni ya damu isizidi 95 kwenye monita na isishuke chini ya 90, imesaidia sana, lakini haijaumaliza ugonjwa, na sehemu ambazo oksijeni inatolewa bila kipimo hata watoto wakubwa wa wiki 32, 33 wanaupata.

Na huwezi kuuona kwa nje. Jicho linaonekana zuri tu, jeusi, linang'aa, mtoto anakukodolea. Siku mzazi anapoona weupe kwenye mboni au macho yanayohangaika, muda wa tiba umeshapita. Kinachomwokoa mtoto ni tarehe peke yake. Na ile tarehe haifuati siku aliyozaliwa wala umri uliorekebishwa, yaani ule unaohesabiwa toka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, inafuata wiki za mimba: kwa wengi wanaohitaji tiba ugonjwa unapamba moto karibu na wiki ya 37. Hiyo ndo saa ya kwanza. Binti siku ile alikuwa wiki 37 juu ya alama.

Nilimpigia daktari wa macho nikiwa nimesimama, akawapokea kesho yake. Macho yote mawili hatua ya 3, na mishipa ya katikati imevimba na kujipinda, dalili kwamba jicho linakimbia kuelekea kubaya. Kukifikia hapo tiba inatakiwa ndani ya saa 48 mpaka 72. Kuna njia mbili, leza inayochoma ule ukingo mtupu ili uache kuita mishipa, au sindano ya dawa ndani ya jicho inayozima ile kemikali. Sindano ni ya haraka na mtoto hasumbuliwi sana lakini ugonjwa unaweza kurudi wiki nyingi baadaye, kwa hiyo inahitaji familia ambayo utawapata kwa muda mrefu. Daktari akaangalia historia, akaona hawa wameshapotea mara moja japo si kwa kosa lao, akachagua leza. Siku iliyofuata ikafanyika. Retina imeshika mpaka leo, pande zote mbili.

Sasa kosa langu. Siku ile nilikuwa nimejaa macho, macho, macho, na kwa kweli ilikuwa haki yake, lakini nilikuwa nimeshika kadi ya mtoto mkononi na sikufungua ukurasa wa chanjo. Sikuuliza chuma inaendeleaje. Sikuuliza masikio. Nilimpima mama presha, hilo nilikumbuka, ilikuwa 152 juu ya 96, wiki 8 baada ya kujifungua na hakuna aliyempima toka atoke wodini, nikampeleka akaanza dawa. Mama aliyepata presha ya mimba ya namna ile hatari yake ya presha ya kudumu inapanda, na mimba ijayo anatakiwa aanze kliniki mapema sana maana aspirini ya dozi ndogo inayosaidia kuzuia isijirudie inafanya kazi vizuri ikianzwa kabla ya wiki ya 16. Hilo nimeliweka hapa kwa sababu tunaita "ufuatiliaji wa njiti" halafu aliyekaribia kufa anakaa kwenye benchi ameshika begi la nepi. Lakini ya mtoto niliyaacha.

Miezi 4 toka kuzaliwa wakalazwa. Kikohozi, kifua kinabonyea, hawezi kunyonya. Alikuwa na maambukizi ya virusi kwenye vijia vidogo vya hewa, oksijeni siku 5. Njiti mapafu yake ni membamba na yana historia, mafua ya mtoto mwingine kwake ni kulazwa, ndo maana hatutaki mtu mwenye mafua ambusu wala mtu avute sigara ndani ya nyumba, hata kwenye chumba kingine. Daktari wa wodi akaomba kadi, ukurasa wa chanjo mweupe. Hana hata moja ya zile za awamu ya kwanza. Mama akashangaa kuulizwa, akasema lakini jamani mliniambia nihesabu toka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, kwa hesabu hiyo ana wiki 6, ndo kwanza nilikuwa najiandaa kumleta wiki hii.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Saa ndo haikuwa yenyewe.

Chanjo inafuata siku aliyozaliwa. Hiyo ndo saa ya pili. Haurudishi nyuma wiki 11, haupunguzi dozi kwa sababu ni mdogo, unampa dozi kamili kwa umri wake wa kalenda, na hata kama bado yuko wodini muda ukifika anachanjwa humo humo huku monita inamwangalia siku 2, 3. Ubaguzi ni mdogo, mfano ile ya homa ya ini B ikitolewa wakati wa kuzaliwa kwa mtoto chini ya gramu 2,000 haihesabiwi kwenye dozi zake, anarudiwa, na ile ya rota kwenye ratiba nyingi ina ukomo wa umri wa kuianza, ukichelewa ndo basi. Watu wanaona huruma kumchoma mtoto mdogo hivyo. Naelewa. Lakini kifaduro hakimwonei huruma, na yeye ndo aliyepokea kinga pungufu kutoka kwa mama, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga hiyo inavuka kondo kwenye wiki za mwishoni ambazo yeye hakuzipata.

Kwenye ule ule ulazwaji damu ikapimwa, iko chini. Chuma nayo ni mali ya wiki za mwishoni, mtoto aliyetimiza miezi anakuja na akiba ya karibu miezi 6, njiti anakuja na mfuko mtupu halafu anakua kwa kasi. Inaanzwa mapema, kuanzia wiki ya 2 mpaka ya 8 kutegemea mwongozo na uzito, miligramu 2 mpaka 4 kwa kila kilo kwa siku, na inaendelea angalau mpaka mwaka. Wao waliacha mwezi wa 3. Kwa nini? Chupa iliisha. Dawa ikiisha kwenye chupa maana yake umemaliza dozi, ndo tulivyofundishwa wote toka utotoni, na sisi hatukuandika popote kwamba hii ukimaliza unarudi kuchukua nyingine na dozi inapanda kadiri mtoto anavyoongezeka. Mama aliniambia alikuwa amefurahi alipomaliza chupa. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo.

Masikio yalipimwa hapo hapo kabla ya kutoka, kwa kipimo kinachosoma mawimbi ya ubongo na sio kile chepesi cha mwangwi, maana mtoto aliyepita wodi ya njiti, akapata manjano, shida yake inaweza kuwa kwenye neva na kile chepesi kinaipita. Akapita pande zote. Lengo la kimataifa ni kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3, kuanza msaada kabla ya miezi 6. Tulikuwa nje ya muda, tukabahatika.

Miezi 6 bibi akaja naye. Bibi ndo mtu anayependa mtoto na anasema anachokiona, akasema mwanangu, wenzake wa umri huu wanakaa, huyu ukimweka anaanguka kama nguo, mnanificha nini. Hapa sasa ndo saa ya tatu inafanya kazi yake, na nilifurahi kukaa naye chini tukaihesabu kwa vidole. Wiki 26 toka azaliwe, toa 11, zinabaki 15, miezi mitatu na nusu. Mtoto wa miezi mitatu na nusu tunamdai shingo, macho yanafuata uso, anacheka, anaanza kutazama mikono yake. Kukaa hatumdai. Ukuaji wa akili na viungo, alama kwenye chati ya uzito na urefu na mzingo wa kichwa, na lini aanze kula vitu vingine mbali na maziwa, vyote hivi vinasoma umri uliorekebishwa, na tunaendelea kurekebisha mpaka miaka 2. Bibi alipumua. Akasema kwa hiyo hajachelewa, amewahi. Nikasema ndio bibi.

Na hapo hapo ndo tukakaribia kuharibu kwa upande mwingine.

Kwa sababu ukishaifundisha familia saa ya tatu, kila kitu kinaweza kujificha nyuma yake. Siku ile mkono wa kulia ulikuwa umefumbwa. Niliuona. Kwa miezi mitatu na nusu ngumi ya mara kwa mara inaruhusiwa, nikaandika "aangaliwe". Wiki chache baadaye mwenzangu mmoja akaona tena akasema ni njiti tu, mpeni muda. Miezi 8 wakarudi, kwa hesabu ya kurekebisha miezi mitano na nusu, nikamwekea kitu cha kuchezea mbele, akakichukua kwa kushoto. Nikakisogeza kulia kabisa, akavuka mwili mzima na mkono wa kushoto kukifuata, huku wa kulia umebanwa ubavuni, kidole gumba ndani ya ngumi. Baba akacheka kwa upendo, akasema sista huyu ni shoto, kama babu yake.

Mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka. Akichagua mapema ni kwamba ule mwingine haumtii. Na kurekebisha umri kunaweza kueleza kuchelewa kwa pande zote mbili kwa pamoja, hakuwezi kueleza kwa nini mkono mmoja uko nyuma ya mwenzake, maana yote miwili ilizaliwa siku moja. Hilo la pili ningependa kila anayepima njiti alibandike ukutani.

Nikarudi kwenye faili, altrasaundi ya wiki ya kwanza. Damu upande wa kushoto, ikaingia kwenye ubongo. Ubongo wa kushoto unaendesha mkono wa kulia. Jibu lilikuwa limeandikwa miezi 8 iliyopita kwa herufi tatu za kifupisho. Nikawauliza wazazi kama waliambiwa, baba akasema waliambiwa kulikuwa na kadamu kidogo kichwani, kakaisha. Damu yenyewe kweli iliisha. Sehemu iliyolowana nayo ndo haikurudi. Mtoto mwenye picha kama ile alitakiwa arekodiwe video ya dakika chache akiwa na miezi 3 mpaka 5 ya kurekebishwa, amelala chali, yuko macho, hakuna anayemchezea, halafu mtu aliyefundishwa aangalie vile vimtikisiko vidogo vidogo vya mwili mzima ambavyo ubongo mzima huvitoa wakati huo. Ni kipimo kisichohitaji mashine yoyote zaidi ya simu. Hatukukifanya, kwa sababu faili la wodi na faili la kliniki ni mafaili mawili.

Tukampima kwa kipimo cha Hammersmith, cha kuangalia mishipa ya fahamu na misuli ya mtoto mchanga, kina vipengele 26 na alama za juu 78, alama zake zikawa chini na tofauti ya kulia na kushoto ikaonekana wazi. Daktari akawaambia kwa upole na bila kuzunguka: inaelekea ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja, tutathibitisha, lakini mazoezi yanaanza wiki hii. Nilimheshimu sana kwa hilo. Watu wengi wanasubiri jina liwe na uhakika asilimia 100 ndo waanze, na miezi inayosubiriwa ndo miezi ambayo ubongo unajipanga upya kwa urahisi kuliko wakati wowote mwingine. Mtaalamu wa mazoezi akawapa mpango ambao ukiusikia unaona ni mchezo: mkono wa kushoto unavalishwa glavu laini dakika kama 30 kwa siku, mtoto akiwa anacheza na ana furaha, ili wa kulia ulazimike kujaribu, halafu glavu inatolewa na vinaletwa vitu vikubwa vya kushika kwa mikono miwili. Kila siku. Baba ndo aliyeushika huo mpango, yule yule aliyesema shoto, alinyamaza kama wiki nzima halafu akaanza kuandika dakika kwenye daftari.

Mama sikumwona akilia siku ile. Nilimwona mwezi uliofuata, akanambia usiku anaamka kuhesabu pumzi za mtoto japo mtoto anapumua vizuri toka zamani, hali yeye vizuri, haongei na mtu. Wamama wa njiti wanapata sonona kuliko wengine na inakuja kwa kuchelewa, wakati kila mtu anasema si ameshapona huyu. Alipelekwa kwa mshauri, akaunganishwa na mama mwingine ambaye mtoto wake alitoka wiki 27 na sasa anasoma. Huyo mama mwenzake alimsaidia kuliko sisi wote, hiyo nimeikubali.

Kwenye kliniki yetu sasa kadi ya njiti ina karatasi imebanwa mbele, tarehe kamili, sio "baada ya wiki 2". Juu kabisa macho, kwa wiki za mimba, na jina la atakayepiga simu wasipotokea. Chini yake chanjo, chuma na masikio, kwa siku ya kuzaliwa, na neno "haiishi chupa ikiisha". Chini yake ukuaji, kwa tarehe ya matarajio, na majibu ya altrasaundi ya kichwa yameandikwa kwa maneno ya kawaida na upande uliohusika. Siku ya kuruhusiwa mzazi anatusomea yeye, sisi tunasikiliza. Inachukua dakika 15 hivi, na kuna siku wodi imejaa hadi korido na hizo dakika 15 ni ngumu kweli kuzipata, tunazitafuta.

Binti sasa ana miezi 20, kwa kurekebisha kama 17 na nusu. Anasimama kwa kushika, wiki iliyopita ameachia akapiga hatua 3. Kisigino cha kulia kinanyanyuka kwa hiyo anavaa kishikizo cha kifundo. Mkono wa kulia unafunguka, unashika kikombe ukisaidiana na wa kushoto, kuokota kitu kidogo kwa vidole viwili bado. Ana maneno 7, bibi anasema 9. Anavaa miwani maana macho yaliyopigwa leza mara nyingi yanakuwa ya kuona karibu, na anaitoa kila saa, na mama anairudisha kila saa. Akifika miaka 2 tutaacha kurekebisha umri, ila hatutaacha kumwita, kwa sababu njiti kama yeye shida za kusoma, kutulia na kuhesabu zinaweza kujitokeza akianza shule. Miadi inayofuata ni ya macho, Jumanne, na baba ameshatuma meseji kuuliza kama wanaweza kuja saa moja kabla.